Matairi ya Theluji ya Papa Glody

Jamani, leo theluji imetuumbua!

Papa Glody, jirani yangu hapa Albert Park, Durban, aliwahi kukaa Bruxelles, kule Ubelgiji, wiki mbili. Basi mambo ya baridi, bingwa ni yeye.

Juzi alinunua matairi mawili ya theluji ya kagari kake, akayafunga nyuma.
"Nguvu ya gari iko nyuma," akatuambia.

Eish! Kagari kenyewe kanavutwa na magurudumu ya mbele.

Leo tukaenda naye na mkewe milimani kuona theluji. Kwenye mwinuko wa kwanza tu, ya mbele yakazunguka bure. Ya nyuma yametulia kama wageni.

Tukashuka kusukuma, mimi na viatu vyangu vya kanisani.

Mkewe akachungulia dirisha la gari, akauliza kwa upole:
"Papa Glody, kule Bruxelles ulikuwa unaendesha kinyumenyume?"

Njia nzima mpaka Durban, Papa Glody akawa anapandisha sauti ya redio tu. Hebu mjibieni nyinyi.