Kibuyu chenye Mikwaruzo Mitatu

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana najitetea. Mama alizoea kusema mdomo wangu ndio utakaonipa ugali, na kweli ulinipa: kwa miaka sita niliuza kwenye duka la vinyago pale Karatu, kando ya lami, mahali magari ya watalii yanaposimama kabla ya kupanda Ngorongoro. Tulikuwa na vinyago, shuka, shanga, ngoma, na kwenye rafu ya juu kabisa, vibuyu. Kwenye vibuyu hakuna aliyeniweza.

Mgeni akiinua tu macho kuitazama rafu ile, nilikuwa nashusha kimoja kwa mikono miwili, polepole, kama nabeba mtoto mchanga. Kisha naanza kwa Kiingereza changu cha sekondari: hiki kilikuwa cha bibi mmoja wa Kimaasai, wa Endulen, huko ndani kabisa ya hifadhi. Alikinywea maziwa tangu akiwa msichana. Nusa mwenyewe, moshi huo ni wa nyumbani kwake. Jamani, nilikuwa natia chumvi mpaka mimi mwenyewe machozi yananilenga.

Moshi ulikuwa wa nyuma ya duka. Vibuyu vilitoka Rhotia, kwenye ua wa mama yangu, ambako vilitambaa juu ya miti pamoja na maboga. Sisi ni Wairaqw, wakulima wa mahindi na maharage. Mama alivikausha, mimi navileta dukani kwa bodaboda, halafu tunavifanyia kazi: moshi kidogo, dawa ya viatu ya kahawia kwa nje, vanishi kwa ndani ili visiingiwe na wadudu, ukanda wa ngozi, shanga. Kwa siku mbili kibuyu kinazeeka miaka sitini. Bosi wangu, mama mmoja mchapakazi aliyehamia kutoka Kilimanjaro, alikuwa akisema, "Mwanangu, hatumwibii mtu. Mgeni ananunua hadithi, kibuyu anapewa nyongeza." Nilicheka. Na nilimwamini pia, kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Sasa, kabla sijaanza kuvibeba kwenda mjini, vibuyu vile vilikuwa na mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Endulen, Mmaasai, tuliyemwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, tangu tukiwa wadogo. Kule kwao kulima hakuruhusiwi, kwa hiyo kibuyu kilikuwa lazima kitoke kwa mkulima. Yeye na mama yangu walikutana mnadani wakiwa wasichana, wakazoeana. Wote wawili Kiswahili walikivunja, kila mmoja kwa namna yake, lakini walielewana kuliko mimi na mume wangu. Yeyo alikuwa anakuja mara mbili kwa msimu. Mara ya kwanza vibuyu vikiwa bado vibichi, anazunguka ua, anachagua kimoja, anakikwaruza kwa mwiba mistari mitatu. Kibuyu kibichi ukikikwaruza, kovu linakua nacho, na kikikauka linabaki limetuna. Mara ya pili anakuja kukichukua. Mama humjazia maharage humo humo, naye huleta samli kwenye kibuyu kidogo cha zamani. Mambo yao yalikuwa hivyo, na hakuna aliyewahi kupunjika.

Katika familia ya yeyo, kila mtoto anayezaliwa hupata kibuyu chake cha maziwa. Watoto wake wote walipata vyao kwenye ua wetu. Mwaka juzi mke wa mwanawe wa mwisho alikuwa mjamzito, baada ya kuharibikiwa na mimba mbili. Yeyo alikuja mapema kuliko kawaida. Nilikuwepo siku hiyo. Alikwaruza kibuyu kimoja kizuri chenye shingo ndefu, akakiwekea mkono juu kwa muda, midomo ikimchezacheza. Mama alikuja kukikausha chenyewe peke yake, kikining'inia jikoni juu ya moto wa kuni.

Halafu mama akaenda Mbulu kumuuguza dada yake, na bosi akanipigia simu: kuna kundi kubwa la wageni linakuja, rafu ni tupu. Nikaenda Rhotia, nikafungua jiko, nikakusanya vyote. Na kile cha shingo ndefu nikakishusha pia.

Naweza kusema sikujua. Watu wengi niliowasimulia walinipa mlango huo wa kutokea, wakaniuliza, "Si ulisahau tu?" Sikusahau. Nilikiona kile kibuyu, nikaiona ile mistari mitatu, na nilichowaza ni hiki: wageni watapenda alama hii. Yeyo tutamtafutia kingine, kwani vibuyu vimeisha duniani?

Mama aliporudi alikuta jiko limebaki moshi. Alinipigia simu. Hakugomba, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Aliuliza tu, "Na kile?" Nikamwambia nimeshakipeleka, nitamletea kingine. Akakata simu.

Siku tatu baadaye, mchana, nilikuwa na mgeni dukani, mama wa kizungu wa makamo, mpole, mwenye kofia pana. Nilikuwa nimemshushia kile kile. Tayari kilikuwa cha kahawia, kinang'aa, kina shanga shingoni. Nilikuwa nimefika patamu. Nilimwonyesha ile mistari, nikamwambia ni alama ya ukoo wa bibi wa Endulen, mwenye kibuyu. Nikaona mgeni macho yake yanahama, yanatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani. Kando yake alikuwa yeyo.

Kwa Kiingereza chote nilichomwaga yeyo alikuwa amedaka neno moja. "Endulen," alisema. "Unamwambia nini habari za kwetu?"

Weee. Yeyo akasogea, akakichukua kibuyu mkononi mwangu bila kunyang'anya. Kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye mistari mitatu. Akasema mjukuu amezaliwa, wa kike, mzima, yuko hospitali ya misheni na mama yake, wanatoka keshokutwa. Alisema kwa furaha, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa ya furaha. Kisha akafungua kifuniko, akanusa. Uso wake ukajikunja.

"Mmekipaka nini?"

"Vanishi, yeyo. Na dawa ya viatu."

"Maziwa hayawezi kuingia humu," akasema, akakirudisha juu ya meza taratibu.

Bosi alikuwa ametoka chumba cha nyuma, akaelewa upesi. Yeye si mtu mbaya. Akasema, "Jamani, mpe kingine, achague anachotaka." Tukatazama rafu. Vyote vilikuwa vinang'aa. Duka zima la vibuyu, na hakukuwa na hata kimoja cha kutia maziwa ya mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na shanga zangu.

Mama ndiye aliyesema, "Mwambie mgeni wako ukweli."

Nikamwambia. Nilimwambia kibuyu kina miezi, hakina miaka. Kimelimwa na mama yangu huyu. Kimezeeshwa na mimi. Na bibi wa Endulen ndiye huyu hapa, alikuja kukichukua kwa ajili ya mjukuu wake. Mgeni akaweka mkono kifuani. Nikadhani ataondoka kwa hasira, na ningemshukuru. Lakini akamtazama yeyo, akakitazama kibuyu, na nikaona anakitaka kuliko mwanzo. Sasa hadithi ilikuwa na mwenyewe.

Aliniomba nimuulize yeyo kama anaruhusu kinunuliwe. Yeyo akacheka kidogo, bila meno mengi. "Mpe. Mimi nitakifanyia nini?" Bosi akaleta karatasi ya kufungia. Na yeyo akavuka barabara na mama yangu, akanunua kwenye duka la rejareja la mangi chupa ya plastiki ya mtoto.

Nilibaki dukani hadi msimu ukaisha. Nilikuwa najua kuuza tu, ningekwenda wapi? Ila niliandika vikaratasi kwa mkono wangu na kuvifunga kwenye vibuyu: vimelimwa Rhotia, vimepakwa rangi hapa. Bosi alinuna. Wengine walisoma wakarudisha rafuni, wengine walinunua. Mama naye hakunipa hata mbegu moja mwaka ule. Aliniambia vibuyu vimegoma, huku navitazama vimejaa uani.

Mwaka jana nilimwomba kimoja. Nilikuja Rhotia vikiwa vibichi, nikachagua chenye shingo ndefu, nikakikwaruza kwa mwiba mistari mitatu huku mama akinisimamia. Yeye ndiye aliyekikausha. Alikijaza maharage, akanikabidhi. Nikapanda gari la abiria la alfajiri, nikalipa kiingilio getini, nikala vumbi mpaka Endulen.

Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea. Alinijia na kikombe chake cha plastiki cha bluu, akanionyesha maziwa yaliyomo. Nilisikia uchungu, nisijifanye. Yeyo alinikaribisha, akanipa chai, akamwaga maharage kwenye sinia bila haraka. Kisha akakipakata kibuyu, akapapasa ile mistari, akaingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu.

"Hamkukipaka kitu?"

"Hatukukipaka kitu, yeyo. Ni moshi tu wa jikoni kwa mama."

Nilikuwa nasema kweli. Lakini nilijisikia nikisema, na sauti ilikuwa ile ile ya dukani, laini vile vile.

Akanitazama. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu, na mimi nikakaa pale, nikisubiri.