Mwethya wa Upande Mmoja

Kuna watu wamezaliwa na mdomo wa kutaja bei. Kamanthe hakuwa mmoja wao. Ukimletea kazi ya kupiga chapa, iwe ni barua ya kuomba kazi au wasifu wa marehemu, ataifanya mpaka ipendeze, na ukimwuliza ni pesa ngapi atakutazama kana kwamba umemwuliza umri wake. "Wewe toa tu ile uko nayo," atakwambia. Na watu, kwa kuwa ndivyo watu walivyo, walimpa ile ambayo hawakuwa na haja nayo.

Usimcheke lakini. Kamanthe alikulia Mwala, na mama yake alikuwa mtu wa mwethya. Huko wanawake wa kijiji hushika majembe pamoja: leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanabeba mawe ya bwawa la mchanga kwa yule. Hakuna anayelipwa wala anayedai. Zamu yako ikifika, wanakuja, na gharama yako ni uji tu utakaowapikia. Asiyekwenda kwa wenzake hagombezwi na mtu. Siku yake ikifika anajikuta peke yake shambani, basi. Ukilelewa hivyo, kumtajia mtu bei ya jasho lako ni kama kumtukana. Kamanthe aliibeba akili hiyo mpaka mjini Machakos, akaajiriwa na wakili mmoja kupiga chapa, akafanya kazi miaka na miaka bila kuomba nyongeza hata mara moja. Wakili alipoleta kompyuta, alileta na mpwa wake wa kuitumia. Kamanthe akaambiwa asante.

Ndipo alipoangukia kwa Henry Kilonzo, mwenye saiba, chumba cha kompyuta za kukodi, juu ya duka la dawa za mifugo. Henry alikuwa kijana wa maneno matamu, shati limenyooshwa, simu mbili kiunoni. Ndani ya saiba aliweka benchi refu ukutani, na hapo akina mama wanne walimpigia chapa kazi za watu kwa malipo ya ukurasa. Kamanthe alikuwa mmoja wao, na rafiki yake Syombua alikaa ubavuni pake. Siku moja Henry akamwonyesha tovuti ambako kazi za dunia nzima zinanadiwa. Unaandika unachokijua, unataja bei yako, na mtu wa ng'ambo anachagua. Akamfungulia barua pepe, akamchagulia na neno la siri. Kamanthe akamshukuru. Sikia hilo vizuri: alimshukuru.

Hii ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nane, na wakati huo mtafiti mmoja wa Uholanzi, mama aitwaye Marijke, alikuwa amepita Mwala akiwarekodi ajuza wakisimulia walivyojenga mabwawa yao ujanani. Alitaka mtu wa kusikiliza zile sauti, kuandika Kikamba chao neno kwa neno, kisha kutafsiri kwa Kiingereza. Kamanthe alisoma tangazo lile akaona ni kama limeandikwa kwa ajili yake. Ila kwenye tovuti kila lugha ilikuwa na bei yake ya kawaida. Kifaransa kiko juu, Kijerumani kiko juu, Kijapani usiguse. Kikamba kilitupwa huko chini pamoja na lugha nyingine za kienyeji, bei ya kuokota. Ni nani alikaa chini akaamua hivyo? Mfaransa akikohoa katikati ya sentensi analipiwa na kikohozi, lakini susu, bibi kizee wa Mwala, akisimulia maisha yake yote, hiyo ni kazi ya pesa ya mboga. Na usisahau kwamba walilipa kwa saa ya kurekodiwa. Saa moja ya kusikiliza, uirudie, uiandike, uitafsiri, ni siku nzima mgongo umeinama. Wao waliiita saa moja.

Marijke aliandika barua ya upole. Alisema wao ni kikundi kidogo, kazi kubwa inakuja baadaye, kwa sasa wasaidiane. Wasaidiane! Mwite Kamanthe kwa neno hilo, umempata. Kwake ilikuwa wazi: leo nachimba kwako, kesho utakuja kwangu. Akakubali kuzifanya zile rekodi za kwanza kwa dola nane kwa saa, pesa ambayo nusu yake iliishia kwa Henry kama malipo ya mtandao. Na alizifanya kwa moyo. Kulikuwa na bibi mmoja, Wayua, mwenye sauti ya mikwaruzo na tabia ya kucheka kabla ya kufika mahali pa uchungu. Kamanthe alimpenda bila kumwona. Wayua akicheka masikioni, naye alicheka pale benchini mpaka Syombua akamwuliza kama anaumwa.

Kisha ile kazi kubwa ikaja kweli: rekodi za mwaka mzima. Kamanthe hakulala vizuri. Akiipata, ataondoka kwenye benchi la Henry. Nyuma ya duka la Fathia, karibu na soko, kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha na umeme. Fathia aliuza simu na kuwapokelea watu pesa za ng'ambo, na alikuwa amekubali kumwekea chumba kile mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi, kwa sababu muuza viatu naye alikuwa anakitaka. Meza yake mwenyewe, mlango wake mwenyewe. Katika umri wa miaka arobaini na kitu, hakuwahi kuwa na mlango.

Fathia ndiye aliyemkalisha chini wakapanga bei. Alimwuliza kazi ya saa moja inamchukua muda gani, Kamanthe akasema siku nzima. Akamwuliza fundi wa mabati anachukua ngapi kwa siku, na daktari wa ng'ombe, na yule anayeandika Kifaransa. Kila jibu lilimfanya Kamanthe ajikunyate zaidi. Mwisho wakafika dola thelathini.

"Thelathini?" Kamanthe akauliza. "Si atasema nimekuwa mwizi?"

"Mwizi ni nani hapo, Mama Mbithi?" Fathia akamjibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Tuma."

Akatuma. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, nalo lilikuwa na adabu zote. Kazi yake ilikuwa nzuri mno, Marijke aliandika, ila kuna ofisi moja hapo hapo Machakos, yenye wapiga chapa kadhaa, iliyokuwa tayari kuifanya kwa nane. Na kwa kuwa Kamanthe mwenyewe alianza kwa nane, yeye alidhani hiyo ndiyo bei ya huko. Je, hangeweza kurudi pale?

Aiya! Yaani ule msaada wote umegeuzwa bei. Mtu amekuchimbia shamba bure, halafu siku ya zamu yake unamwambia kumbe wewe ni wa bure. Kamanthe alisoma barua ile mara ya pili, masikio yanawaka moto. Alitamani kuandika nane, Mungu anajua, vidole vilikuwa tayari. Lakini alimwambia Marijke kwamba haiwezekani, kisha akashuka ngazi akanunua chai asiyoinywa. Usiku na mchana alijiuliza ni ofisi gani hiyo. Machakos aliijua yote, na hakujua ofisi hata moja ambayo ingeweza kumwandika ajuza wa Mwala neno kwa neno.

Jumatatu iliyofuata Henry aliingia saiba akipiga mluzi. Aliwaambia akina mama kwamba Mungu amekumbuka kazi ya mikono yao: kuna kazi kubwa, ya muda mrefu, na watalipwa kwa ukurasa kama kawaida. Akagawa vifaa vya masikioni. Kamanthe akavaa vyake, akabonyeza.

Wayua akacheka.

Alikuwa anaendelea pale pale alipoachia mara ya mwisho, siku ile mvua ilipowavunjia ukuta wa bwawa na wote wakarudi kubeba mawe upya, mmoja wao akiwa na mimba ya miezi minane. Mwanzoni Kamanthe alifurahi kama mtu aliyekutana na nyanya yake stendi. Halafu akaelewa. Vidole vikamfia juu ya kibodi. Ile ofisi ya Machakos, yenye wapiga chapa kadhaa, iliyomwangushia bei mpaka akanyang'anywa kazi, ilikuwa ni benchi alilokalia. Ni yeye. Mtu aliyemshinda bei alikuwa ni yeye mwenyewe, ila jina juu ya kazi ni la Henry, na pesa ni za Henry, na kwake itafika ya ukurasa.

Hakuhitaji kuuliza Henry alijuaje. Nani alimfungulia ile barua pepe? Nani alichagua neno la siri? Kijana alikuwa akisoma barua zake tangu siku ya kwanza, na bila shaka alimpelekea Marijke zile kurasa za mwanzo kama mfano wa kazi ya ofisi yake.

Alisimama. Hakupaza sauti, wale waliokuwepo wanasema ndiyo maana waliogopa.

"Henry, hii kazi niliomba mimi."

Henry hakukana hata. Hapo ndipo nami hasira hunipanda kila nikisimulia, kwa sababu mwizi mwenye haya angalau hukana. Alimvutia kiti, akamwambia atulie, hakuna aliyepoteza kitu. Kama Kamanthe angepata kazi ile peke yake, wenzake wangekula nini? Sasa wote wanne wana kazi.

"Mama Mbithi, wewe ni mtu wa Mwala," akasema. "Hii ni mwethya tu. Tunasaidiana."

Wueh. Neno la mama yake, limetoka kwenye mdomo ule! Kamanthe alimwangalia kijana huyo aliyekula jasho la wanawake wanne bila kuinua jiwe hata moja.

"Kwenye mwethya mwenye shamba pia huchimba," akamwambia. "Wewe umechimba wapi?"

Akachukua mkoba wake. Alimgeukia Syombua, akamweleza kwa Kikamba, polepole, kila kitu: bei iliyoombwa, bei aliyotoa Henry, na watakayolipwa. Syombua alisikiliza ameinamisha kichwa. Alikuwa na watoto watatu na mume aliyekatwa mguu, mimi simlaumu. Kamanthe alipomaliza, Syombua alirudisha vile vifaa masikioni akaanza kuandika. Ule wizi wa Henry ulimkasirisha Kamanthe, lakini hili lilimuuma mpaka alipofika barabarani alikuwa hajui anaelekea wapi.

Alielekea kwa Fathia. Kwenye kompyuta ya duka akafungua anwani mpya, neno la siri la kwake mwenyewe, akamwandikia Marijke. Hakumtukana mtu. Alimweleza tu kwamba ile ofisi ni benchi, kwamba kazi nzuri aliyoisifu ni yake yeye Kamanthe, na kwamba hata hii mpya alikuwa amepewa yeye aifanye, kwa malipo ambayo Marijke angeona haya kuyasikia.

Jibu lilikuja kabla duka halijafungwa. Marijke alisema amefurahi sana. Alikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu ubora, lakini sasa kwa kuwa ni Kamanthe yule yule, moyo wake umetulia.

Fathia alisoma juu ya bega lake akashika mdomo. Kamanthe alihisi damu inamchemka mpaka kwenye nyayo. Moyo wako umetulia! Mtu anakwambia ameibiwa, nawe unamwambia vizuri kwamba bidhaa haijaharibika. Miaka yote hiyo alidhani watu humpunja kwa kuwa hawajui. Marijke sasa alijua, naye alikuwa amefurahi.

Akaandika mistari mitatu. Mikono hiyo haipo tena kwa Henry. Iko hapa. Ni dola thelathini kwa saa. Kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza kwamba wanaweza kuongea.

Siku nne hakukuja kitu. Muuza viatu alipita mara mbili kukagua chumba, akipima ukuta kwa hatua zake, na Kamanthe aliketi pale dukani akimsaidia Fathia kujaza kadi za wateja. Alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Kesho yake ingekuwa mwisho wa mwezi.

Jioni hiyo barua ikaingia. Marijke alisema kazi iliyorudi kutoka ofisini kwa Henry haikuwa kama ile ya kwanza, kwa hiyo amekubali. Thelathini ni sawa kabisa. Na kwa ucheshi, kama mtu anayemtupia jirani habari njema juu ya ua, akaongeza kwamba kwa kweli haikuwa shida hata kidogo, kwani tangu mwanzo walikuwa wametenga arobaini.

Fathia alipiga makofi. Chumba ni chako, alimwambia, nenda ukamwambie muuza viatu atafute pengine. Lakini Kamanthe hakuinuka. Arobaini. Ilikuwa imekaa mahali, imetengwa, ina jina la kazi yake, siku zile anaandikiwa kwamba wasaidiane. Ilikuwepo wakati anaombwa arudi kwenye nane. Ilikuwepo Henry alipokuwa akigawa vifaa vya masikioni, na mpaka leo Syombua ameinama pale benchini kwa malipo ya ukurasa.

"Mama Mbithi, si umepata?" Fathia akauliza. "Mbona umekunja uso?"

Kamanthe alivuta kibodi karibu, akaandika sentensi moja, akaituma kabla mkono haujapata nafasi ya kuogopa: Basi ni arobaini.