Mkono Ulioiba Damu ya Moyo

Mimi ni Hamisi, muuza mablanketi ya mitumba hapa Arusha. Baridi ya Meru ndiyo inayonilisha. Miaka mingi nyuma nilipasuliwa kifua, nikapandikiziwa mishipa ya moyo, nikapona, nikarudi mezani kubishana na wateja.

Kisha kifua kikaanza kubana upya. Ajabu yake, nikitembea kutoka sokoni hadi nyumbani Themi, sisikii kitu. Lakini nikikung'uta blanketi mbele ya mteja, kwa mkono huu wa kushoto ninaoutegemea, kifua kinabanwa kama kwa koleo, jasho jembamba linanitoka, vidole vinakufa ganzi. Nikiushusha mkono, maumivu yanapoa.

Binti yangu Zuhura alinikuta nimeinamia meza.

"Baba, tuifunge hii biashara kabla haijakufunga wewe."

"Nina pumzi kukuzidi."

"Ya mdomo tu hiyo!"

Kliniki, nesi alipima presha mkono wa kushoto, akasema iko chini mno. Mimi bei ya kwanza huwa siikubali. "Dada, hebu pima na huku." Wa kulia ukasoma juu. Akarudia yote miwili, majibu yaleyale. Akamwita daktari.

Baada ya vipimo, daktari akanieleza: "Mzee, hili ni nadra. Mshipa unaolisha mkono huu umeziba karibu na chanzo chake. Na ule uliounganishwa kwenye moyo wako ulipopasuliwa ni tawi lake. Ukiutumikisha mkono, unavuta damu iliyokuwa ya moyo."

"Yaani mkono wangu unauibia moyo wangu?"

"Tena mchana kweupe."

Niliogopa, sikatai. Walipitisha mrija mwembamba pajani, wakaupanua mshipa, wakauwekea kijibomba cha wavu wa chuma. Nilikuwa macho. Nilihisi joto likishuka hadi vidoleni, kama nimeshika kikombe cha chai.

Daktari aliponiruhusu kazi, Zuhura alisimama nyuma yangu, tayari kunidaka. Nikakung'uta blanketi zito la watu wawili. Nikarudia. Kifua kimya. Mteja akapiga chafya: "Mzee, unatuua na vumbi!" Zuhura akacheka huku anafuta machozi.

Namshukuru Mungu, madaktari, na yule nesi ambaye hakuona shida kupima tena. Nawe uliyepandikiziwa mishipa, kifua kikibana usivumilie kimyakimya. Wahi hospitali, na omba presha ipimwe mikono yote miwili. Hawakuongezei bei.

Siku hizi Zuhura ananisaidia kufungua marobota. Kukung'uta nimemkataza. Hiyo kazi ina mwenyewe.