Tulilala Nje ya Mlango wa Shangazi

Siku ile ya Oktoba naikumbuka hata nikiwa naosha vyombo. Majani yameloa barabarani, mimi nimekaa mbele kwenye kempa ya kukodi, nimejaa kiti kama mke wa chifu, namwambia mume wangu, "Safari hii hatutamsumbua mtu." Mwanangu, neno hilo ndilo lililokuwa kosa lenyewe. Ningekuwa na akili ningelimeza.

Kempa mnaijua nyinyi wa siku hizi. Ni gari lenye kitanda, jiko la gesi, na choo kidogo nyuma ya pazia. Nimesikia vijana wa kanisani mnapanga kuzikodi likizo hii, mzunguke kwa jamaa zenu, Derby, Leeds, mpaka Scotland. Vizuri, nendeni. Lakini kabla hujawasha injini, keti hapa unisikilize. Shule niliiachia darasa la tano, kwa hiyo madoido usiyatarajie.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Tulikaa Washwood Heath, hapa Birmingham, baba Naomi akifanya kazi kwenye ghala, mimi nikitunza wazee majumbani mwao. Niliwaogesha, niliwalisha, nilikaa nao wakinisimulia habari za mbwa waliokufa zamani. Naomi alikuwa na miaka saba, Petero minne. Shule zilipofungwa kwa wiki moja, tukasema twende tukawaone watu wetu: kaka yangu Derby, halafu Shangazi Salome kule Bradford.

Shangazi Salome alikuwa dada ya baba yangu. Alitutangulia huku miaka mingi, akafanya uuguzi mpaka akastaafu. Mumewe alishakufa, na mtoto hakujaliwa. Koti langu la kwanza katika nchi hii lilitoka kwake, kwa posta, na mfukoni alikuwa ameweka jozi ya glavu.

Siku chache kabla ya safari alinipigia simu. "Dorika, mkifika kuna jambo nataka tuongee. Si la simu."

"Sawa, Shangazi."

Jambo lenyewe nakwambia sasa hivi, nisikuzungushe. Alitaka kuniuliza kama anaweza kuja Birmingham akae nasi. Upweke ulikuwa umemshinda. Lakini mtu mzima haombi mahali pa kukaa akiwa amesimama mlangoni. Hukaa na wewe mkachambua mboga, akakuuliza habari za watoto, akanyamaza, na kesho yake mkinywa chai ndipo neno linatoka. Linataka mgeni aliyelala.

Na mimi sikutaka kulala kwa mtu. Sababu ninayo, ingawa haitoshi. Nilipofika nchi hii mara ya kwanza nilifikia kwa binamu yangu, mtaa wa Small Heath, nikiwa na Naomi mchanga. Asubuhi moja nikamsikia mkewe jikoni akinong'ona kwamba maziwa yanaisha kama nyumba ina ndama. Niliapa siku ile kwamba sitasemwa tena kwa ajili ya maziwa. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nikazidisha: hata hizo mbili sizitaki.

Kwa kaka yangu Derby tulilala garini, akacheka tu, naye ni mwanamume, hana habari. Kwa shangazi tulifika jioni, mvua inanyesha. Alikuwa kizingitini tayari, leso kiunoni.

"Karibuni! Karibuni, wanangu! Baba Naomi, ingiza mizigo."

"Hatuna mizigo, Shangazi," nikasema, najisifu. "Kila kitu kimo humu. Hata kulala tutalala humu humu, usijisumbue."

"Humu?"

"Njoo uone!" Nikamtembeza ndani ya gari kama ninayeliuza. Akabonyeza godoro kwa vidole viwili.

"Ni zuri," akasema.

Tukanywa chai kwake, nusu saa labda. Watoto wakaanza kulia usingizi, nikawarudisha garini, nikasonga ugali na kukaanga sukuma wiki niliyonunua Birmingham, Coventry Road. Tukala, tukashiba. Ndipo mlango wa gari ukagongwa.

Alikuwa shangazi, mwavuli mkono mmoja, sahani iliyofunikwa mkono wa pili. Kuku. Na juu ya kuku, firigisi nzima. Kwetu, mwanangu, firigisi hapewi mpita njia. Shangazi alikuwa amemwekea mkwe wake.

"Nimewasubiri mezani," akasema.

"Ai, Shangazi! Sisi tumeshakula!"

Baba Naomi akanikata jicho, akainuka, akaipokea sahani kwa mikono miwili. "Mimi sijashiba, mama."

Shangazi akacheka. "Asante, mkwe. Wewe ulilelewa. Huyu wangu sijui walimwokota wapi."

Akabaki amesimama pale kwenye mvua, anatuangalia tukiwa tumebanana wanne kwenye kimeza cha gari. Sikumwambia aingie. Nafasi haikuwepo. Gari lile lilikuwa na kila kitu isipokuwa kiti cha mgeni. Akasema lala salama, akarudi kwake.

Asubuhi Naomi alikataa choo cha gari, akakimbilia ndani. Akarudi akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba bibi amelala kwenye kochi na koti lake, na juu kuna kitanda kikubwa kizuri ambacho hakuna mtu aliyekilalia.

Nikaingia. Nikapanda ngazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Taulo nne zimekunjwa juu yake, mbili kubwa mbili ndogo. Sakafuni, magodoro mawili ya watoto. Nikashuka.

"Shangazi, mbona hukulala kitandani?"

"Niliwatandikia nyinyi. Nikasema baridi ikiwazidi mtaingia."

Sikujua pa kuweka macho. Yeye akaketi vizuri, akavuta koti. Hakupandisha sauti.

"Dorika, umekuja na kitanda chako, na jiko lako, na choo chako. Sasa kwangu umefuata nini?"

Nikacheka. Ndiyo, mwanangu, nilicheka. Halafu nikakumbuka. "Na lile jambo la kwenye simu?" Nikauliza huku natazama saa, kwa maana gari lilitakiwa lirudishwe Birmingham siku hiyo na baba Naomi alikuwa ameshaliwasha.

"Lile limekwisha," akasema. "Endeni salama."

Hata hatujafika mwisho wa mtaa, baba Naomi akasema, "Pale kuna jambo."

"Amesema limekwisha."

"Aliyemaliza hasimami barabarani vile."

Nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Shangazi alikuwa katikati ya barabara na ndara zake, mikono ameiacha ikining'inia, hatupungii. Nikamwambia baba Naomi aendeshe.

Miaka miwili baadaye shangazi alianguka jikoni kwake. Majirani walimkuta, akapelekwa nyumba ya kutunzia wazee. Nilikwenda kwa basi. Kiingereza alichokisema miaka arobaini kilikuwa kimemtoka, kama kinavyowatoka wazee wengi, kimebaki Kiluhya chetu na Kiswahili kidogo. Wasichana waliomtunza walikuwa wema, siwalaumu. Lakini akiomba maji walimletea blanketi. Na mimi, ndugu yake wa damu, nilikuwa Birmingham nikimwelewa mama wa mtu mwingine.

Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia. Akaniambia lile jambo, wazi, bila kinyongo. Nikalia. Nikamuuliza, "Shangazi, kwa nini hukuniuliza siku ile? Si ningekubali!"

Akanitazama. "Ningekuulizaje? Hukuingia."

Kumhamisha haikuwezekana tena, daktari alikataa. Nikawa naenda kila nilipopata siku ya mapumziko, nakaa kando ya kitanda chake naongea lugha yetu, mpaka Mungu alipomchukua. Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao saba, na huyo wa nane ananitembelea kuliko wote.

Leo nakaa Northfield, Birmingham hii hii, peke yangu. Baba Naomi ametangulia, Petero yuko mbali, Naomi anapiga simu Jumapili baada ya ibada. Wajukuu hunipigia wakiwa wameshaegesha gari nje: "Bibi, tuko hapa dakika tano tu, usipike." Usipike! Wanadhani wananihurumia. Wakiondoka, nasimama na sufuria yangu, na nyumba inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla hawajaja. Silalamiki. Nilichopanda mwenyewe ndicho ninachovuna.

Basi nasaha yangu ni hii, uibebe. Ukifika kwa ndugu yako, zima gari, ufunguo utie mfukoni, ingia na mfuko wako wa nguo. Omba maji hata kama huna kiu. Kula kilichopikwa, na kama chumvi imezidi, kula hivyo hivyo. Lala ulipotandikiwa. Wakikusema kwa ajili ya maziwa, wacha waseme, kusemwa hakujamuua mtu. Na mzee akikwambia kuna jambo, usitazame saa. Kaa, chambua mboga, mpe usiku mmoja. Tuliambiwa mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi niliyasema maneno hayo maisha yangu yote bila kujiuliza mwenyeji anaumwa nini. Anaumwa kimya, mwanangu. Na kimya hakitibiwi kutoka ndani ya gari.

Haya, nenda. Mungu akushikie usukani kwenye barabara hizo zenye majani ya kuteleza, akufikishe kwa watu wako ukiwa mzima, na ukishafika, akupe unyenyekevu wa kuwasumbua. Amina.