Neno Lililosikiwa Nusu

Fundi alianza kuangusha pini. Miaka yote alizibana midomoni akimpima mteja gauni, umbea ukipita pembeni ya mdomo bila shida. Sasa shavu la kushoto lilikuwa limelegea, pini zikidondoka sakafuni, na mbele ya sikio palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa. Akaufunika kwa mtandio. Waliouliza aliwaambia ni jino.

Hospitali walikata kinyama wakakipeleka maabara. Daktari, kijana mwenye haraka, akamwambia ni saratani ya tezi ya mate, itatolewa kwa upasuaji, na kwamba vipimo vimeonyesha kasoro kwenye vinasaba. Kelele za vyerehani zilishamharibu masikio, na katika yote hayo alidaka neno moja: nasaba. Ukoo wake ndio wenye kasoro. Aliona haya kuuliza zaidi. Alitoka ameinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

Binti yake wa pekee alikuwa ameshaposwa. Jambo lile lilimkaba Fundi hadi akajifunga kibwebwe, akaenda kwa mama wa mchumba bila kumwambia mtu, akamweleza kuwa wana ugonjwa katika damu na ni haki yao kujua mapema. Yule mama alimshukuru kwa uungwana, akamsindikiza mpaka mlangoni. Tangu hapo simu za mchumba zikakatika. Binti akakonda kwa kujilaumu: labda anaongea sana, labda anacheka vibaya. Fundi aliyaona hayo, akaendelea kushona.

Siku ya kupanga upasuaji walikwenda pamoja, na binti ndiye aliyeuliza kama naye ataupata ugonjwa huo.

“Mama hakuzaliwa na kasoro hii, atakurithisha vipi?” daktari alisema. “Kromosomu mbili zimekatika zikabadilishana vipande, humo humo ndani ya tezi. Ni kama mkono wa gauni moja ushonewe gauni jingine. Nguo nyingine kabatini hazijaguswa.”

“Si ulisema nasaba?” Sauti ya Fundi ilitoka ndogo.

“Vinasaba, mama.”

Binti alicheka. “Kwa masikio hayo utakuja kuozeshwa wewe badala yangu.”

Fundi hakucheka. Walipofika kwenye benchi la korido alimketisha, akamwambia yote. Binti alimsikiliza, kisha akauondoa mkono wake begani mwa mama.

“Ulikuwa unaniona nikilia?”

“Nilikuwa nakuona.”

Binti akaondoka peke yake. Fundi alikwenda moja kwa moja kwa mama wa mchumba, na safari hii hakukaribishwa kiti. Alieleza akiwa amesimama, akirudia maneno ya daktari kama mtoto aliyetumwa dukani.

“Lile la kwanza ulisema una uhakika,” yule mama alimjibu taratibu. “Na hili?”

Fundi aliangalia chini. “Mimi usinisikilize tena,” alisema. “Mwambie kijana wako akamuulize daktari mwenyewe. Nitakuwepo, nitakaa nje.”