Senema Niliyoitazama Nikiwa Katika Eda

Nilikuwa nimebakisha kama siku tisa eda iishe. Mume wangu alinipa talaka moja, kwa hasira, kwa sababu nilimjibu mbele ya dada zake. Nilimjibu kweli, na ningemjibu tena. Nikatoka kwake Tudor na sanduku langu hadi kwa mama, Mji wa Kale, na sikulifungua. Nilikuwa bado namtaka, na mama alijua.

Alasiri moja nikamwekea mama senema ya zamani ya Kimarekani kwenye kompyuta. Ilitokana na mchezo wa jukwaani, na ilionekana: watu sebuleni tu, mlango huu kuingia, mlango ule kutoka, na maneno tele. Mwanamke ameachika, kesho anaolewa na mwingine, mara mume wa kwanza huyo, katokeza! Mama hajui Kiingereza, nikawa namfasiria.

"Alipewa talaka ngapi?" akauliza.

"Mama, hao ni Wazungu!"

"Na eda je, alikaa?"

Nilicheka hadi machozi. Mwisho mume yule alimwomba mkewe warudiane, mbele ya wageni wa harusi, bila kuona haya. Mama akawa anasokota ncha ya leso yake.

Siku ya pili akaja ami wa mume wangu. Akanywa kahawa, akasema, "Kijana amekusudia kumrejea mkewe. Afunge nguo zake, kesho gari itakuja."

Kwetu mume akitaka kumrejea mkewe ndani ya eda, neno lake latosha, mke haulizwi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nishashika sanduku. Wallahi ningekwenda.

"Heshima si utumwa, ndugu yangu," mama akasema. "Aje mwenyewe, amwombe binti yangu. Hata yule Mzungu aliomba."

Ami hakuelewa Mzungu gani, lakini ujumbe aliufikisha.

Kila tuktuk iliposimama nje nilitengeneza mtandio wangu. Hakuja, wala neno la kunirejea hakulitamka. Eda ikaisha.

Mama akakaa kitandani kwangu, akalia. "Nimekuponza, mwanangu. Ningenyamaza, saa hizi ungekuwa kwako."

Niliumia, sisemi uongo. Lakini nilimwambia hakuniponza: kutoka Tudor hadi mlangoni kwetu si safari, na mtu alishindwa kuja kusema neno moja. Nikalivuta sanduku, nikalifungua, nikaanza kutundika nguo zangu kabatini.