Bolti Zilizokazwa Hewani

Fundi huyu alijiita Daktari wa Springi, na ubao wa gereji yake ulisema hivyohivyo, kwa rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe. Mama mkwe wake hakuupita ubao ule bila kuguna. Kwa miaka ishirini alikuwa akingoja ushahidi kwamba bintiye ameolewa na mbabaishaji.

Sasa ushahidi ulipatikana. Shemeji yake fundi, kaka wa mkewe, alikuwa bwana mifugo wa kuzunguka mashamba yenye njia za mawe, akaomba gari lake linyanyuliwe. Fundi akalifungia springi mpya, likasimama juu kwa maringo. Lakini tangu siku hiyo lilipiga watu mateke. Mama mkwe alipandishwa humo kwenda kliniki ya mgongo, akarudi na mgongo mbaya kuliko aliokwenda nao.

"Hili gari limetengenezwa au limelaaniwa?" alimuuliza mwanawe, kwa sauti ya kumfikia fundi.

Fundi alisingizia barabara. Akasingizia upepo wa matairi, akaupunguza, wapi. Jumamosi akajilaza uvunguni na tochi. Bushi, zile raba za kwenye maungio ya springi, zilikuwa zimejinyonga. Akakumbuka: siku ile alikuwa anawahi mechi, akakaza bolti zote gari likiwa bado linaning'inia kwenye jeki; lilipotua chini, raba zikasokotwa. Kosa hilohilo amewafokea wenzake maisha yake yote.

Dawa yake ni gari litue chini na mzigo wake wa kawaida, bolti zilegezwe, kisha zikazwe upya. Shemeji alikuwa ameenda kununua grisi. Fundi akapanga betri chakavu kiti cha mbele mpaka zikaisha. Nyuma pakabaki patupu, na aliyekuwapo ni mama mkwe, kwenye stuli, akimkodolea macho.

"Mama, naomba ukae ndani kidogo."

"Leo nimekuwa jiwe la mizani?" Alipanda hata hivyo.

Bolti ya mwisho ilipolegea, gari likashusha pumzi na kutulia. Kutoka juu sauti ikauliza taratibu, "Na ile mara ya kwanza, alikaa nani hapa?"

Uvunguni hakuna pa kukimbilia. Uongo ulikuwa tayari ulimini, akaumeza.

"Hakukaa mtu, mama. Gari lilikuwa hewani. Nilikosea."

Akakaza bolti zote, jasho likimwingia masikioni, akingoja hukumu.

Shemeji aliporudi wakalipitisha gari kwenye mashimo ya nyuma ya gereji, wote watatu ndani. Halikurusha mtu.

"Kumbe shida ilikuwa nini?" shemeji akauliza.

Fundi akafungua mdomo, mama mkwe akamtangulia. "Raba zilijinyonga. Springi mpya zina mambo. Mwenzio kahangaika nazo asubuhi nzima."

Kisha akamnyooshea fundi mkono amsaidie kushuka, na alipolifikia sikio lake akasema, "Nimekusitiri. Mara moja tu."

"Ndiyo, mama." Fundi aliona aibu mpaka visiginoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini akajikuta anampenda.